Kipimo cha Kichezeo ni Siku Kinapovunjika

Kila mwaka ukikaribia Desemba, meza za wamachinga wa Mwanjelwa jijini Mbeya na za Miyomboni mjini Iringa hubadilika rangi. Mzigo mpya wa midoli huwa umeingia kutoka Kariakoo: maroboti ya kuunganishwa kipande kwa kipande, mashujaa wa mikono ya kupachikwa, magari yanayokunjuliwa yakawa watu. Kwenye boksi shujaa amechorwa akiruka juu ya moto, na kila kiungo chake kinaonekana kuwa hai. Wazazi hununua kwa ajili ya Krismasi, Idi au zawadi ya kufaulu mtihani. Pita mitaa hiyohiyo majuma machache baadaye usikilize wanachosema wateja wenyewe, yaani watoto. Watakuambia goti haliushiki mguu, bega limekatika na halirudi, mkono wa huyu hauingii kwa yule ingawa wametoka boksi moja. Wakubwa husikia kelele za watoto wasiotosheka. Mimi nasikia ukosoaji wa watu wanaoijua kazi, na nataka kuutetea. Hoja yangu ni moja: kichezeo cha kuunda hupimwa kwa yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya baada ya kukivunja. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya mzigo unaoletwa kwetu imeanguka, na watoto wa Nyanda za Juu Kusini wana sababu ya kuliona hilo kabla yetu.

Sababu yenyewe ina historia. Kizazi changu, sisi tuliolelewa Iringa na Mbeya katika miaka ya 1980, tulikua wakati rafu za maduka zilikuwa tupu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imemaliza fedha za kigeni, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na hakuna aliyefikiria kuagiza midoli kutoka ng'ambo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mageuzi ya uchumi ya 1986 yakaufungua mlango zaidi. Kabla bidhaa hizo hazijafika milimani, tulichezea tulichokiunda kwa mikono, na kila eneo lilikuwa na malighafi yake. Mufindi, pembezoni mwa Shamba la Miti la Sao Hill lenye zaidi ya hekta 130,000, mabanzi na vipande vya mbao za misindano vilitosha kuunda baiskeli za mbao na vigari vya kubebea maji. Rungwe, chini ya migomba ya Tukuyu, mpira ulisokotwa kwa majani makavu na kamba za mgomba. Vijiji vya Iringa vilitoa mabua na magunzi ya mahindi. Bua lilikuwa bodi ya lori na gunzi likawa mtoto wa kubebwa mgongoni kwa kitambaa. Jijini Mbeya na pembeni mwa barabara kuu ya Zambia, gereji zilitupa waya, makopo, vipande vya tyubu na beringi zilizochoka, na hapo ndipo magari yalipoundwa kwa ustadi wa juu kabisa.

Inafaa kuliangalia gari la waya kwa karibu, kwa sababu jibu la malalamiko ya leo limo ndani yake. Chesisi ilikuwa nyaya mbili nene zilizonyooshwa sambamba, zikaunganishwa kwa vipande vifupi vya kukatiza. Palipokutana waya na waya palifungwa kwa ukanda mwembamba uliochanwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukazungushwa mara kadhaa na kukazwa kwa meno. Magurudumu yalikatwa kwa wembe kwenye ndala iliyokwisha kazi, yakatobolewa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Ekseli ya nyuma ilifungwa pande mbili ili isihame. Ekseli ya mbele ilifungwa mahali pamoja tu, katikati, ili ipate kugeuka. Kutoka hapo ulipanda waya mrefu hadi kifuani pa mtoto, ukaishia kwa duara la usukani. Ukikata usukani kulia, magurudumu ya mbele yanakwenda kulia, na mtoto anakimbia nyuma ya lori lake akilikwepesha mashimo. Yote hayo hayakuandikwa popote. Mtoto aliyajifunza kwa kumtazama mkubwa wake, kukosea na kufungua tena.

Sasa tazama ni kipi kilichovunjika kwanza kwenye gari lile. Waya uliweza kudumu miaka, na ndala ilistahimili safari nyingi za mawe. Kilichokatika kila mara ni ukanda wa tyubu, hasa ule wa ekseli ya mbele uliosuguliwa na kila kona. Ukanda huo ndio uliokuwa kitu rahisi kuliko vyote kupatikana. Kipande kingine kilikuwa mfukoni, na gari lilirudi barabarani kabla wenzako hawajafika mbali. Bila kuambiwa na mtu, watoto walikuwa wameiweka sehemu dhaifu mahali ambapo kubadilisha ni rahisi. Wahandisi hufanya hivyohivyo kwa makusudi: mashine huwekewa pini au fyuzi iharibike mapema ili kilicho ghali kisalimike. Mdoli wa plastiki unaouzwa leo umeugeuza mpangilio huo. Kinachokatika kwanza ni kichwa cha kiungo, kile kijidonge cha begani au cha gotini, na hicho ndicho kisichouzwa, kisichotengenezeka na kisicho na mbadala popote kati ya Tunduma na Mafinga. Mwili mzima, kifua na ngao na upanga vikiwa vizima kabisa, unatupwa kwa ajili ya kijidonge kimoja.

Kwa hiyo mtoto anaposema mkono haurudi, ametaja kasoro ya usanifu kwa usahihi ambao mtaalamu angeukubali. Na hayuko peke yake duniani. Kampuni ya LEGO ya Denmark, iliyoanzishwa Billund mwaka 1932, ilileta mwaka 2001 mashujaa wa kuunga walioitwa Bionicle. Waliuzwa ndani ya makopo, wakiwa na ekseli, gia na vinyago vya usoni vya kubadilishana, na waliisaidia kampuni kuvuka miaka migumu ya hasara kubwa, 2003 na 2004. Walizaa mashabiki walioanza wakiwa watoto na hawakuacha walipokuwa watu wazima. Mashabiki hao walikuwa wakali kwa kila toleo jipya, na ukiyachambua malalamiko yao utayakuta ni ya aina tatu. Mwaka 2006 lilikuja toleo lililoziacha gia na kuleta mifupa ya mpangilio mmoja, kisha mpangilio huo ukarudiwa miaka kadhaa. Wakalalamika kwamba ukishaunda mmoja umeunda wote. Kufikia 2007 na 2008 vishikio vya viungo, hasa vile vya rangi ya kijani ndimu, vikapata sifa mbaya ya kupasuka hata kwa kuunganishwa tu; wakalalamika kwamba kuunda kumegeuka kuwa hatari kwa kilichoundwa. Mwaka 2010 Bionicle ilisimamishwa na nafasi yake ikachukuliwa na Hero Factory, ambayo mashujaa wake wa kwanza walikuwa na vipande visivyofika 20, mikono na miguu imetoka kiwandani bila viwiko wala magoti. Wakalalamika kwamba hawakuachiwa kazi ya kufanya.

Kurudia bila kugundua, kuvunjika bila kurudi, kukamilika bila kushirikisha: malalamiko hayo matatu nayasikia pia Mwanjelwa na Miyomboni, kwa maneno mafupi zaidi. Mtoto wa Iyunga, Mbeya, hajui jina la toleo lolote la Denmark, na shabiki wa Ulaya hajawahi kukata gurudumu kwenye ndala. Lakini wote wawili wamezoea kuunda, na mwenye mazoea ya kuunda hadanganywi kwa muda mrefu na rangi. La kutia moyo ni kwamba kasoro za namna hii hurekebishika kiwanda kikitaka. Mwaka 2011, mwaka mmoja tu baada ya mashujaa wale wasio na viwiko, kampuni hiyohiyo ilileta mfumo mpya wa mifupa yenye viungo kamili na maganda ya kubandikwa juu yake, mtoto akapata uhuru wa kurefusha mkono, kuongeza wa tatu au kuunda mnyama badala ya mtu. Tofauti kati ya toleo lililochukiza na lililofuata ilikuwa uamuzi wa mezani kwa wasanifu kuhusu mtoto aachiwe kazi gani.

Mzigo unaotufikia hauna meza ya namna hiyo. Dunia hupata sehemu kubwa ya vichezeo vyake kutoka China, na wilaya ya Chenghai katika mji wa Shantou, jimbo la Guangdong, ni moja ya vitovu vikubwa vya kazi hiyo. Viwanda vya huko vina uwezo wa kutoa vitu vizuri sana, na vingine hutoa. Lakini kuna tabaka la bidhaa zinazotengenezwa kwa kunakili umbo la nje la shujaa wa kampuni fulani bila kunakili ubora wa kiungo chake. Matofali ya kuunga yenye sifa hutengenezwa kwa plastiki ya ABS, ambayo hujikunja kidogo na kurudi, na kwa vipimo vya kubana visivyopishana kutoka kipande hadi kipande. Ukitumia plastiki dhaifu au iliyochanganywa, na kalibu iliyochakaa, kijidonge kinatoka kikubwa mno kikapasua tundu lake, au kidogo mno kikachomoka chenyewe. Ongeza hali yetu ya hewa. Plastiki nyingi za bei nafuu huwa ngumu na hukatika upesi penye baridi, na nani asiyeijua baridi ya Juni na Julai katika Mbeya, Mufindi na Njombe? Mdoli uliostahimili jua la Dar es Salaam unaweza kukatika asubuhi ya Julai huku juu bila mtoto kufanya lolote la ajabu.

Tunao mafundi, atasema mtu, na nchi hii haitupi kitu ovyo. Ni kweli. Fundi wa kuziba ndoo na mabeseni anayepita mitaani na jiko lake la mkaa ni hodari: hupasha kisu moto, huyeyusha kipande cha plastiki ya rangi ileile juu ya ufa, hulainisha, na beseni linarudi kuoshea vyombo kwa mwaka mwingine. Mpelekee bega la roboti. Atalishika kwa uzuri kabisa, ila halitageuka tena, kwa sababu kiungo kinahitaji kushikana na kuachia kwa wakati mmoja, na moto wa fundi unaweza kushikanisha tu. Gundi nayo hufanya hivyohivyo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na maisha ya watu wetu yameuthibitisha usemi huo katika redio, baiskeli, mashine za kusaga na magari. Midoli hii ni kati ya vitu vya kwanza tunavyompa mtoto vinavyomfundisha kinyume chake, kwamba kitu kikivunjika uhunzi umekwisha na njia iliyobaki ni kumwomba baba kingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa zilizopotea. Mtoto wa miaka sita au saba anaanza kujenga imani yake kuhusu vitu: vimefungwa au vinafunguka, vina siri au vinaeleweka, vinamhitaji au havimhitaji. Imani hiyo ataingia nayo darasani.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Mzazi anayetafuta sare, daftari na mchango wa chakula cha shule hana nafasi ya kuchambua bega la roboti. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu inatoka kwenye maisha halisi, lakini naona inaelekea upande wangu. Mwenye fedha kidogo ndiye anayeumia zaidi kitu kisipodumu. Na kuhusu udogo wa jambo, tutazame ng'ambo ya Ziwa Nyasa. William Kamkwamba wa Kasungu, Malawi, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi yeye na wenzake walivyounda malori kwa maboksi ya pombe ya Chibuku na kwa vizibo vya chupa. Baadaye akawa anafungua redio mbovu kujua sauti inatoka wapi. Njaa ya 2001 na 2002 ilipomtoa shule, alisoma vitabu vya maktaba, na mwaka 2002 akiwa na miaka 14 akaunda kinu cha upepo cha kutoa umeme kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha yakawa mapanga. Sidai kwamba lori la boksi lilizalisha kinu. Nadai kwamba mkono uliokwisha kuzoea kufungua, kukata na kufunga tena haukuanzia sifuri siku ile, na kwamba Malawi hiyo ya watoto wa magari ya waya iko hatua chache tu kutoka Kyela.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kusifu magari ya waya ni kuupamba umaskini. Watoto wa miaka ya 1980 waliunda kwa sababu hawakuwa na la kununua, na haifai kumwambia mtoto wa leo achezee takataka wakati mwenzake wa Ulaya anachezea kitu kizuri. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Uhaba ule haukuwa mwalimu mwema; uliwanyima watoto vitabu na dawa palepale ulipowapa waya. Sitaki urudi. Lakini mashabiki wa Bionicle hawakuwa maskini, walikuwa na maduka yaliyojaa, na bado walidai kilekile alichokuwa nacho mtoto wa Mbalizi: vipande vinavyofunguka, viungo vinavyorudi, nafasi ya kuunda kisichokuwepo kwenye picha. Kinachotamanika, kwa hiyo, hakikutoka kwenye uhaba. Uhaba ulitulazimisha tu kukigundua mapema. Mtoto wa leo anastahili plastiki nzuri, yenye rangi na magurudumu yanayozunguka vizuri, na pia uhuru wa kuifungua. Kumpa kimoja ili kumnyima kingine ni kumpunja.

Pingamizi la tatu linahusu usalama, na halipuuzwi. Waya huchoma macho, kingo za kopo hukata vidole, wembe wa kukatia ndala si kitu cha kuachiwa mtoto mdogo, na vigari vya beringi kwenye mteremko wa Ipogolo au miteremko ya Mbeya vinaweza kumfikisha mtoto mbele ya lori. Viwango vya kimataifa vya vichezeo, kama ISO 8124, vinaangalia mambo hayo hasa: ncha kali, vipande vidogo vya kumezeka, sumu ndani ya rangi. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lina wajibu wa kuvisimamia viwango kama hivyo, na lisilegee. Ila tuupime mdoli kwa mizani ileile. Plastiki duni ikikatika huacha ncha kali, na kijidonge kilichochomoka ni saizi ya koo la mdogo wake mtoto anayetambaa sakafuni. Kuvunjika upesi ni hatari yenyewe. Kichezeo kinachofunguka kwa mpango na kufungika kwa mpango ni salama kuliko kinachojifungua chenyewe kwa kupasuka, na mtoto anayeunda na waya mbele ya mtu mzima anajifunza kuiheshimu ncha kwa namna ambayo onyo pekee haliwezi kumfundisha.

Lipo la nne, ambalo husemwa mara chache na linastahili kusemwa kwa sauti: kwamba sifa zote hizi ni za wavulana. Magari yalikuwa yao, na wasichana waliachiwa gunzi na kitambaa. Ni kweli kwamba tuligawanya michezo kwa ukali usio na maana. Lakini mtoto wa gunzi aliundwa vilevile, akasukwa nywele kwa nyuzi za hindi bichi, akashonewa nguo kwa mabaki ya fundi cherehani, na nguo hiyo ilifumuliwa na kushonwa upya alipokua. Ustadi wa kupima kitambaa kwenye umbo lenye mikono ni ustadi wa kuunda. Midoli mipya ya wasichana inayouzwa meza moja na maroboti ina tatizo lilelile: nywele zimebandikwa haziwezi kufumuliwa, gauni limechomewa mwilini halivuliki. Malalamiko ya msichana kwamba nguo haitoki ni sawa na ya kaka yake kwamba mkono hauingii. Na sioni sababu ya roboti kuwa la mvulana. Tukisema kiungo kiwe kinafunguka, tuseme kwa ajili ya wote.

Swali la haki ni nani afanye nini, na naanza na mwenye meza. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anaujua mzigo wake kuliko mtu yeyote. Anajua boksi lipi linarudishwa na wateja. Akiruhusu boksi moja la mfano lifunguliwe, mtoto akalipindisha goti mara kumi mbele ya mzazi, mzigo duni utakosa soko Iringa na Mbeya na agizo litakalokwenda Kariakoo litabadilika. Mzazi naye aulize maswali mawili kabla ya kulipa: kinafunguka? Na kikikatika, kipande hiki nakipata wapi? Jibu likiwa hakuna, fedha hiyohiyo inanunua vifaa vya kuundia: koleo ndogo, bisibisi, kamba, kipande cha ubao laini wa msindano na misumari mifupi. Seti hiyo haina picha ya shujaa, lakini mtoto hamalizi kuichezea kwa juma moja.

Mafundi wetu wana nafasi kubwa zaidi. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, vyuo vya ufundi vya VETA vipo Mbeya na Iringa, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichotokana na chuo cha ufundi cha 1986 na kupewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, kinafundisha uhandisi umbali mfupi kutoka kwenye masoko ninayoyasema. Mbao za Sao Hill zinapita barabarani kila siku zikienda mbali. Kiungo cha mbao chenye pini ya mti na raba ya kubadilishwa hakihitaji kalibu ya mamilioni. Kinahitaji mtu aliyeamua kuunda kichezeo ambacho sehemu yake dhaifu inapatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Iringa ina mfano wa kutia imani katika Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana iliyoanza mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu wamethibitisha kwamba kazi ya mikono ya mjini Iringa inaweza kushindana kwa ubora. Na huko Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu, yaani skuta kubwa ya mbao inayoonekana kama kichezeo, limekuwa likibeba magunia ya viazi na mkaa tangu miaka ya 1970, likitengenezwa na mafundi wa mtaani na kukarabatiwa na mafundi hao hao. Ustadi haukosekani katika ukanda huu. Kinachokosekana ni kumwona mtoto kuwa mteja anayestahili kazi nzuri.

Shule nazo zimepewa nafasi ambayo zilikuwa hazina. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu elimu ya kujitegemea, na walimu wamefundishwa vyuoni kwa miaka mingi kufaragua zana, yaani kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vilivyopo. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeuweka mkondo wa amali, yaani mafunzo ya stadi za kazi, ndani ya sekondari, na utekelezaji ulianza Januari 2024. Hatua hiyo ni njema, ila itakwama ikiwa mtoto atafika kidato cha kwanza hajawahi kufungua kitu chochote. Amali haianzi na karakana ya sekondari. Inaanza na mtoto wa darasa la pili anayetafuta kwa nini gari lake linavuta kushoto, akagundua kwamba ukanda wa ekseli umelegea upande mmoja. Mwalimu anayeruhusu gari hilo liingie darasani na kumwuliza mwenye gari aeleze amefanya somo la sayansi, hisabati na Kiswahili kwa wakati mmoja, bila gharama.

Narudia basi ninachokidai, nikijua kwamba yapo mambo mengi mazito zaidi nchini. Watoto wanaolalamikia mzigo mpya wa midoli wanasema kweli, na ukweli wao una thamani kupita meza za sokoni. Wanadai vitu vinavyowaruhusu kuwa mafundi. Tukiyapuuza malalamiko hayo kwa kuwa ni ya watoto, tutakuwa tunawalea wanunuzi wavumilivu wa vitu vibovu, kisha baadaye tuwashangae kwa kushindwa kudai barabara inayodumu au mashine yenye vipuri. Tukiyasikiliza, tukamrudishia mtoto haki ya kufungua, kuvunja na kuunda upya kwa kitu kinachostahili juhudi zake, tutakuwa tumepata wakosoaji wa kweli wa bidhaa, na palipo na wakosoaji wa kweli watengenezaji wazuri hawachelewi kutokea. Mzazi, mfanyabiashara, mwalimu na fundi wa Iringa na Mbeya wanaweza kuanza na mzigo wa Desemba ijayo: kabla ya fedha kutoka mfukoni, boksi lifunguliwe, na anayelikagua awe mtoto.